Matairi ya gari la spoti kwa barabara za Dodoma: mwongozo kamili wa kuchagua, kufunga na kutunza

Tairi la spoti limebuniwa kwa lami laini yenye joto. Dodoma joto lipo na lami ipo. Kinachokosekana ni ulaini. Kati ya nyumbani Kisasa au Nzuguni na ofisini Mtumba, Altezza, Subaru WRX STI, Crown Athlete au BMW E90 litapanda matuta, litashuka kwenye changarawe kupisha basi, litashinda juani, na siku moja ya Desemba litakutana na mvua ya kwanza juu ya vumbi la miezi saba. Tairi linalosifiwa kwa kukata kona kwenye uwanja wa mashindano linaweza kuwa chaguo baya kabisa kwa maisha ya namna hiyo.

Ndiyo maana hapa uchaguzi unaanzia mahali ambapo wengi hawapaangalii: urefu wa ubavu wa tairi. Aina ya mpira inafuata. Chapa inakuja mwisho.

Hatua ya 1: Soma kibandiko, usisome tairi lililopo

Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ya mlango. Kibandiko kilichopo hapo kinataja saizi ya kiwandani na upepo unaotakiwa. Magari mengi ya Japani yalishabadilishwa rimu kabla hayajapandishwa melini, kwa hiyo saizi unayoiona chini ya gari leo huenda ni chaguo la mwenye gari wa zamani wala si la kiwanda.

Chukua mfano wa 225/45R17 94W. Tairi lina upana wa milimita 225. Ubavu wake ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 101. R ni muundo wa radiali, 17 ni inchi za rimu. Namba 94 inamaanisha tairi moja linabeba kilo 670. 91 ni kilo 615, 87 ni kilo 545. Herufi ya mwisho ni kasi: H ni kilomita 210 kwa saa, V 240, W 270, Y 300. Hakuna anayehitaji kilomita 270 kwa saa kuelekea Chamwino, lakini tairi lenye daraja la juu limejengwa kustahimili joto zaidi, na joto ndilo linaloua matairi huku. Usishuke chini ya namba ya mzigo iliyoandikwa kwa gari lako, na kwa herufi ya kasi kaa palepale au panda.

Kama kibandiko ni cha Kijapani, upepo umeandikwa kwa kPa badala ya psi wanayotumia mafundi wengi: 220 ni psi 32, 230 ni psi 33, 240 ni psi 35, 250 ni psi 36. Kwenye magari ya zamani utakuta 2.2 au 2.4, ambazo ni karibu sawa na 220 na 240. Kipige picha; kinafutika kwa jua.

Hatua ya 2: Amua urefu wa ubavu

Gari likigonga ukingo wa shimo, tairi hubanwa kati ya ukingo huo na mdomo wa rimu. Ubavu ukiwa mfupi, mpira hauna pa kukunjikia. Nyuzi za ndani zinakatika na baada ya siku chache ubavu unaota nundu. Nundu haizibwi wala haipunguzwi. Tairi hilo limekwisha, hata kama kashata zake, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, bado mpya, na ukiendelea nalo litabasti, mara nyingi ukiwa katika mwendo mkubwa.

Hesabu ni rahisi: upana mara asilimia, gawa kwa mia. Tairi la 235/35R19 lina ubavu wa milimita 82. La 225/40R18 lina 90. La 245/40R18, saizi ya STI nyingi za kizazi cha tatu, lina 98. La 225/45R17 lina 101, na 205/55R16 lina karibu 113. Kwa gari la kila siku hapa Dodoma, milimita 100 na kuendelea ni salama, 90 inavumilika kwa dereva mwenye subira, na chini ya hapo unanunua matatizo. Rimu za inchi 19 zinapendeza kwenye maegesho, hilo halina ubishi.

Kushuka inchi moja ya rimu ndiyo mabadiliko yenye faida kubwa kuliko kubadilisha chapa yoyote. Sharti ni kwamba kimo kizima cha tairi kibaki karibu palepale, tofauti isizidi asilimia 2, ili spidomita isidanganye na mfumo wa ABS usichanganyikiwe. Kimo kinapatikana hivi: inchi za rimu mara 25.4, jumlisha ubavu mara mbili. Tairi la 225/40R18 lina kimo cha milimita 637, la 225/45R17 lina 634, la 205/55R16 lina 632. Hizo zinabadilishana bila shida. Kwa STI, kutoka 245/40R18 (653) unaweza kwenda 245/45R17 (652) na kupata milimita 12 zaidi za ubavu.

Kinachokwamisha ni breki. STI yenye kalipa (vibanio vya diski ya breki) kubwa za Brembo haikubali kila rimu ya inchi 17. Nyingine zinagusa kalipa. Funga rimu tupu kwanza, bila tairi, izungushe kwa mkono, ndipo ulipe. Angalia pia upana wa rimu wenyewe: 225/45R17 linakaa kwenye rimu ya inchi 7 hadi 8.5. Mtindo wa kunyoosha tairi jembamba juu ya rimu pana unaacha mdomo wa rimu nje, na tuta la kwanza baya litaupinda.

Hatua ya 3: Chagua aina ya tairi

Matairi ya spoti yako katika makundi, na tofauti ya kundi na kundi ni kubwa kuliko tofauti ya chapa na chapa.

Kundi kali kabisa ni yale yenye TREADWEAR 200 (daraja la kudumu, tazama Hatua ya 4), kama Bridgestone Potenza RE-71RS na Yokohama Advan Neova AD09. Yanashika lami kwa namna ya ajabu, na kwa joto la Dodoma hayahitaji hata kupashwa moto. Lakini yanalika haraka, yana kelele, yanaokota kila kokoto na kuirusha kwenye bodi, na kashata zake chache hazitoi maji vizuri kwenye barabara iliyofurika. Kama gari lina siku zake za mashindano, yawe seti ya pili kwenye rimu zake. Kwa kwenda kazini, hapana.

Kundi la pili ndilo jibu la wengi: matairi ya spoti ya barabarani, kama Michelin Pilot Sport 4S na Pilot Sport 5, Continental SportContact 7, Goodyear Eagle F1 Asymmetric 6, Bridgestone Potenza Sport. Haya yametengenezwa kusimama vizuri kwenye lami iliyoloa kama kwenye lami kavu, na mifereji yake mipana inapitisha maji. Pilot Sport 4S, kwa mfano, ina TREADWEAR 300.

Kundi la tatu ni matairi ya safari yenye hulka ya spoti kidogo, kama Michelin Primacy 4 au Yokohama Advan dB. Yanadumu, ni kimya, na mara nyingi yanapatikana katika saizi zenye ubavu mrefu. Mwenye Mark X ya lita 2.5 anayeenda Singida au Iringa kila mwezi hatakosa kitu akichagua haya, ingawa kwenye kona za mlima Nyang'oro, njia ya Mtera, atasikia usukani ni mzito wa kujibu kuliko kwenye kundi la pili. Na kama safari zako za Dar siku hizi unazifanya kwa treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, gari lako ni la mjini tu. Kelele ya barabara ndefu isikuamulie.

Kundi la nne lipo Dodoma kwa bahati mbaya: matairi ya theluji. Gari lililotoka kaskazini mwa Japani linaweza kushuka bandarini likiwa bado nayo, na matairi ya mtumba ya aina hii huuzwa kama mazuri kwa sababu yana kashata nyingi na mpira laini. Yatambue kwa neno STUDLESS ubavuni, alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani, majina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx, na mistari myembamba mingi iliyochongwa juu ya kila kashata. Mengi yana herufi ya kasi Q, yaani kilomita 160 kwa saa. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali; kwenye lami ya saa nane mchana kashata zinayumba, gari linachelewa kusimama na tairi linalika upesi sana. Kama yalikuja na gari, yatoe.

Hatua ya 4: Soma madaraja, ila ujue yanapima nini

Ubavuni kuna maneno matatu yenye madaraja. TREADWEAR ni makadirio ya kudumu: 400 linatarajiwa kudumu mara mbili ya 200. Lakini kila kiwanda kinajipangia daraja lake kutokana na majaribio yake, kwa hiyo linganisha matairi ya kiwanda kimoja. Kati ya viwanda viwili namba hizo si mizani ya haki. TRACTION, kuanzia AA hadi C, hupima kufunga breki kwenye mstari ulionyooka juu ya lami na zege vilivyoloweshwa. Haisemi lolote kuhusu kona. TEMPERATURE ni A, B au C, na kwa Dodoma usikubali chini ya A.

Tairi lililotengenezwa kwa soko la Ulaya lina kibandiko chenye herufi za mshiko kwenye maji, A hadi E. Hiyo ndiyo namba moja ya kuangalia kwa ajili ya Desemba. Tafuta A, B inakubalika.

Hatua ya 5: Kagua tairi dukani

Tafuta neno DOT ubavuni, fuata hadi tarakimu nne za mwisho. 3224 ni wiki ya 32 ya mwaka 2024. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, kwa hiyo geuza tairi. Tairi jipya lililokaa ghalani vizuri kwa mwaka mmoja au miwili halina tatizo. Lililopangwa nje mbele ya duka, likila jua kila siku, ni habari nyingine: mpira umekauka, na ukiukunja ubavu kwa nguvu utaona nyufa ndogo. Tairi la miaka sita, hata lisilowahi kugusa barabara, liache.

Kwa mtumba, vidole vinaona kuliko macho. Pitisha mkono ndani ya tairi ukitafuta viraka na mikunjo. Unga mweusi wa mpira ndani ya ubavu unamaanisha tairi liliwahi kuendeshwa bila upepo. Nyuzi zake zimeshachoka. Tazama chini ya mifereji: kuna vinundu vidogo vya kuonyesha mwisho wa tairi, vilivyo kwenye kimo cha milimita 1.6. Kama mifereji ina kina kirefu lakini vinundu hivyo havionekani popote, kuna aliyeichonga upya kwa kisu cha moto. Hilo ni tairi la kulikimbia mbali.

Saizi za inchi 18 na 19 mara nyingi zitabidi ziagizwe Dar es Salaam. Mwombe muuzaji akutumie picha ya DOT ya kila tairi kabla hujalipa, yote manne, maana seti moja inaweza kuwa na miaka miwili tofauti.

Hatua ya 6: Manne au mawili?

Kwa gari linaloendesha magurudumu yote kama Subaru, jibu ni manne. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko wa tairi na tairi isizidi robo inchi, yaani milimita 6.4, sawa na tofauti ya kashata ya milimita 1 hivi. Ukifunga tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika nusu, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, itafanya kazi muda wote hata gari likinyooka, itapata moto na kufa. Matairi mawili ni rahisi kuliko manne. Difu ni ghali kuliko yote.

Kwa gari la kusukuma nyuma au kuvuta mbele unaweza kununua mawili, na mapya yaende nyuma. Wengi wanabisha, hasa wenye magari ya kuvuta mbele. Sababu ni hii: matairi ya mbele yakiteleza kwenye maji, gari linaendelea mbele na ukiachia mafuta linarudi; ya nyuma yakiteleza, gari linageuka mkia mbele na dereva wa kawaida hana la kufanya. Usichanganye aina kwenye ekseli moja hata kidogo.

Hatua ya 7: Kufunga

Simama karibu fundi akifunga. Tairi lenye neno OUTSIDE, neno hilo linatazama nje kwa matairi yote manne. Lenye mshale na neno ROTATION, mshale ufuate mzunguko wa gari kwenda mbele. Kosa hili ni la kawaida na dereva huligundua mvua ikinyesha. Dai valvu mpya. Ni kitu kidogo, na valvu ya zamani iliyopasuka shinoni inapunguza upepo polepole hadi uanze kulaumu tairi.

Balansi ifanyike kwa mashine, vipande vya risasi vibandikwe ndani ya rimu iliyosafishwa, la sivyo vitadondoka baada ya wiki. Nati zikazwe kwa mkono kwanza, kwa kufuata mpangilio wa nyota, kisha kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza (Nm): Toyota nyingi ni Nm 103, BMW E90 ni Nm 120. Bunduki ya upepo ikipewa kazi yote hupinda diski na kukata boliti. Baada ya kilomita 50 hadi 100, rudia kukaza.

Alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa magurudumu, ni lazima, lakini si kabla ya kukagua bushi, tairodi, bolijointi na shokapu. Kupanga alaimenti juu ya bushi zilizokufa ni kupoteza pesa, kwani itahama kwenye tuta linalofuata. Gari lililoshushwa chini hula matairi upande wa ndani. Mwambie fundi akupe karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Kilomita 300 za kwanza nenda taratibu. Tairi jipya lina mafuta ya kiwandani juu yake na halishiki vizuri hadi yalike.

Hatua ya 8: Upepo

Pima asubuhi, gari halijatembea, kwa kipimo chako mwenyewe. Mafundi wengi wa pembeni huweka psi 35 hadi 40 kwa kila gari linalosimama. Fuata kibandiko cha gari. Namba ya MAX PRESS iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo tu, haihusiani na gari lako.

Joto hubadilisha upepo kwa kama psi 1.5 kwa kila nyuzi 10. Ukijaza psi 33 saa tisa alasiri kwenye nyuzi 30, asubuhi ya Julai yenye nyuzi 14 utakuta kama 30 na nusu, bila tundu lolote. Mwinuko nao una mchango: Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi, na kipimo kinasoma karibu psi 2 zaidi ya Dar kwa hewa ileile iliyomo ndani. Ukiteremka Dar hesabu inageuka: psi 33 za Dodoma zinasoma 31 hivi. Pima upya ukifika, tairi likiwa limepoa.

Safarini, kupitia Kibaigwa na Gairo mchana, upepo utapanda psi 3 hadi 5. Hiyo ni kawaida, na kibandiko kimeshaihesabu. Usipunguze upepo wa tairi la moto. Ukipanda zaidi ya psi 6, tairi lilianza na upepo mdogo au gari limezidiwa mzigo. Naitrojeni haina ubaya, ila hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni.

Hatua ya 9: Miiba, pancha na spea

Mwiba wa mgunga haupasui tairi. Unachoma na kukatikia ndani, na upepo unaisha kwa siku tatu au nne. Kila ukipoteza psi 2 au zaidi kwa wiki, paka maji ya sabuni kwenye kashata na valvu utafute mapovu.

Kamba ya gundi inayochomekwa kwa nje inakufikisha nyumbani. Kwa gari la kasi, tairi litolewe kwenye rimu na lizibwe kwa ndani kwa kiraka chenye mguu unaojaza tundu. Tundu likizidi milimita 6, au likiwa begani au ubavuni, tairi halizibwi tena kwa matumizi ya mwendo mkubwa, fundi aseme asemavyo.

Spea nyembamba ya njano au nyeusi inataka psi 60 (kPa 420) na mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Wengi hawajawahi kuipima tangu gari lifike. BMW E90 nyingi hazina spea kabisa kwa sababu zilitoka na matairi yanayotembea bila upepo. Ukiyabadilisha kwa ya kawaida, ambayo kwenye matuta ni laini zaidi, beba pampu ndogo ya umeme na vifaa vya kuzibia.

Kusoma ulikaji

Katikati pamelika: upepo umezidi. Mabega yote mawili: upepo ni mdogo. Bega la ndani tu: alaimenti, au gari limeshushwa. Ukipitisha kiganja na upande mmoja ukakwaruza kama msumeno, matairi ya mbele hayaelekei sambamba. Mabonde mabonde kuzunguka tairi ni shokapu zilizochoka. Badilishana mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000, isipokuwa kama saizi za mbele na nyuma ni tofauti.

Tairi jipya lina kashata za milimita 7 hadi 8. Vinundu vya 1.6 vimechelewa mno kwa gari hili, kwa sababu uwezo wa kukata maji unapungua sana kabla ya hapo. Pima Novemba: chini ya milimita 3, badilisha kabla ya mvua, yote manne kama gari ni Subaru. Ukikuta milimita 3 mwezi Mei, unaweza kuzimalizia kiangazi, ila kadiri kashata zinavyokonda ndivyo miiba inavyopenya kirahisi, kwa hiyo pima upepo kila wiki.